Picha Moja ya Mashine Tano

Kupiga picha ya mashine pepe moja ni suala la kubofya kitufe. Unaipa picha jina, unasubiri sekunde chache, na hali ya mashine imeshahifadhiwa: mafaili yake, mipangilio yake, na ukitaka, hata yale yaliyokuwa yakipita katika RAM wakati huo. Ukiharibu baadaye, unarudi ulipokuwa. Wanafunzi wa mifumo ya kompyuta hujifunza picha hizi, yaani snapshoti, mapema sana, na wengi hawazifikirii tena. Lakini maabara inayostahili jina hilo haiwi na mashine moja. Ina seva mbili za domeni zinazopashana habari, seva ya hifadhidata, ruta inayoziunganisha, na kompyuta ya mtumiaji inayozitegemea zote. Hapo kitufe hakitoshi, na hapo ndipo unapoanza ufundi ninaotaka kuusifu: kuandika skripti inayopiga picha ya maabara nzima, na inayoweza kuirudisha nzima.

Nasema ufundi kwa sababu kinachohifadhiwa si diski tano tu. Mashine zinazofanya kazi pamoja zina mapatano kati yao. Hii inaitambua ile kwa siri walizokubaliana. Ile inakumbuka imepokea mabadiliko hadi namba fulani. Zote zinakubaliana saa ni ngapi. Mapatano hayo hayaonekani kwenye skrini, na hakuna faili moja yanamokaa yote. Anayeandika skripti ya maabara lazima ayajue moja baada ya jingine, la sivyo skripti itakwenda hadi mwisho bila kosa lolote, na maabara itarudi ikiwa imevunjika kimyakimya.

Tuanze na picha yenyewe, maana wengi hudhani ni nakala. Mashine inapopigwa picha, faili kubwa la diski yake hufungwa lisiandikwe tena, na faili jipya, dogo, hufunguliwa juu yake. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinaingia katika faili hilo jipya, na kinachosomwa hutafutwa kwanza humo. Kisipopatikana, hutafutwa katika faili la chini. Ni kama mchora ramani anayelaza karatasi angavu juu ya mchoro uliokamilika: anachora, anakosoa, anafuta, na mchoro wa chini haujaguswa. Katika diski za aina ya qcow2 zinazotumiwa na QEMU, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, hesabu hiyo kwa kawaida hufanywa kwa vipande vya kilobaiti 64. Kipande kikiguswa ndipo kinapotengewa nafasi mpya. Ambacho hakijaguswa hakigharimu chochote.

Uchumi huu si jambo dogo kwetu. Wengi waliojifunza kazi ya mifumo Dar es Salaam au Nairobi hawakuwa na chumba cha seva. Walikuwa na laptopu moja ya mtumba, diski ya gigabaiti 256, na RAM wanayoigawa kwa uangalifu. Maabara ya mashine tano inaenea humo, pamoja na picha zake kadhaa, kwa sababu picha hazirudufu mashine bali zinatunza tofauti tu. Aliyebuni utaratibu huu amemfungulia mlango mtu asiye na bajeti, nami naona hilo linastahili kusemwa waziwazi.

Gharama ipo, ila inakuja polepole. Kila picha inaongeza tabaka, na kila tabaka ni mahali pengine pa kutafuta kabla ya kusoma. VMware huwashauri watumiaji wa seva zake wasikae na picha moja zaidi ya saa 72, na mnyororo wa picha una kikomo cha 32, ingawa ushauri wao ni kuishia mbili au tatu. Kwenye maabara ya kujifunzia saa 72 si sheria. Mtu anaweza kutunza picha ya msingi kwa miezi. Ila sababu ya ushauri huo ni ileile popote: tabaka la juu linanenepa kila siku, na siku diski ya kompyuta mwenyeji inapojaa, mashine pepe zote zinazoishi humo zinasimama kwa pamoja.

Mashine pepe zenyewe ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1960 kundi la IBM huko Cambridge, Massachusetts, likiongozwa na Robert Creasy, lilitengeneza mfumo wa CP-40 ulioigawa kompyuta moja ya System/360 iwe mashine 14, kila mtumiaji akiiona yake kama kompyuta kamili. Kompyuta za kawaida zilisubiri hadi 1999, VMware walipotoa Workstation yao ya kwanza. Jambo lililobadilika tangu hapo, na ambalo Tal Garfinkel na Mendel Rosenblum waliliandika vizuri mwaka 2005, ni umbo la maisha ya mashine. Kompyuta ya chuma huishi katika mstari mmoja, kutoka kuwashwa hadi kutupwa. Mashine pepe yenye picha huishi kama mti: inarudi nyuma, inachipua tawi, inarudi tena. Na programu nyingi tunazoendesha ndani yake zilibuniwa na watu waliodhani muda unakwenda mbele tu.

Hakuna mahali dhana hiyo inapojidhihirisha kama kwenye Active Directory, saraka ambayo Microsoft wameiweka katika moyo wa mitandao ya maofisi. Seva mbili za domeni zinashikilia saraka ileile na kuambiana mabadiliko. Kila seva ina kihesabio chake: badiliko la kwanza namba hii, la pili namba inayofuata, daima kikipanda. Jirani anatunza namba ya mwisho aliyoipokea, na mara nyingine anapoulizia habari anasema, nipe yote yaliyo juu ya hapo. Utaratibu mzuri, mwepesi, wa kuaminika. Sasa irudishe seva moja tu kwenye picha ya wiki iliyopita. Kihesabio chake kinashuka. Unaongeza watumiaji wapya, nao wanapewa namba ambazo jirani anaamini alishazipokea. Anapoulizia mabadiliko, hayaombi hayo, kwa kuwa kwake yameshapita. Watumiaji wale watakuwepo kwenye seva moja na hawatakuwepo kwenye nyingine, na kosa hili halipigi kelele. Windows ikiligundua huzuia seva hiyo isipashane habari na wenzake na kuandika tukio namba 2095, lakini kuna hali ambazo haligunduliki.

Tangu Windows Server 2012 kuna dawa ya sehemu. Programu inayoendesha mashine pepe huipa kila mashine namba ya kizazi. Picha ikirudishwa namba inabadilika, na seva ya domeni ikiiona inajua kwamba imerudishwa nyuma, inajipa utambulisho mpya wa kupashana habari na kutupa akiba yake ya namba za utambulisho. Nalipenda suluhisho hili kwa unyoofu wake: badala ya kuificha ile safari ya kurudi nyuma, linamwambia msafiri ukweli. Lakini linafanya kazi pale tu mwenyeji anapolijua, na linaishughulikia seva ya domeni peke yake. Kompyuta ya mtumiaji nayo ina siri yake na domeni, ambayo kwa kawaida huibadilisha kila baada ya siku 30. Irudishe kompyuta hiyo peke yake nyuma ya mabadiliko hayo, na asubuhi mtumiaji anaambiwa kwamba uaminifu kati ya kompyuta na domeni umevunjika. Kerberos, inayotoa tiketi za kuingilia, huvumilia tofauti ya saa ya dakika tano tu. Mashine iliyoamka na saa ya jana hainyimwi mlango kwa sababu nenosiri ni baya, bali kwa sababu inaishi katika siku nyingine.

Kwa hiyo zote zirudi pamoja. Lakini pamoja maana yake nini?

Swali hilo lilijibiwa kabla hata ya laptopu kuwa na mashine pepe. Mwaka 1985 K. Mani Chandy na Leslie Lamport walichapisha makala kuhusu namna ya kunasa hali ya mfumo uliotawanyika, ambao sehemu zake huwasiliana kwa ujumbe na hazina saa moja ya kuzitawala. Lamport amesimulia jinsi jibu hilo lilivyozaliwa: Chandy alimpa fumbo hilo wakati wa chakula cha jioni, wote wakiwa wamekunywa mvinyo mwingi kiasi cha kutoweza kufikiri, kesho yake asubuhi akiwa bafuni Lamport akapata jibu, na alipofika ofisini kwa Chandy akamkuta anamsubiri na jibu lilelile. Katika makala yao wanatoa mfano wa wapiga picha wanaotazama anga lililojaa ndege wanaohama, anga pana kiasi kwamba picha moja haiwezi kulienea. Kila mmoja anapiga kipande chake, na vipande havipigwi kwa wakati mmoja. Ndege hawawezi kuambiwa wasimame. Hata hivyo vipande vikiunganishwa lazima vitoe picha yenye maana.

Kinachofanya picha iwe na maana ndicho kinachonivutia zaidi. Wanachokataza ni kitu kimoja: picha isionyeshe ujumbe umepokelewa ilhali aliyeutuma anaonekana bado hajautuma. Ujumbe uliotumwa na haujafika si tatizo, mradi uandikwe kwamba upo njiani. Suluhisho lao ni kwamba kila sehemu, ikishajinasa, hutuma alama kwa wenzake wote kabla ya kutuma ujumbe mwingine. Anayepokea alama naye hujinasa, na kilichokuwa njiani kinahesabiwa kuwa sehemu ya picha. Picha inayotokana inaweza kuwa ya hali ambayo haikuwahi kuwepo hasa katika dakika yoyote ya saa. Bado ni ya kweli, kwa sababu mfumo ungeweza kuipitia kutoka ulipoanzia hadi ulipofika. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara naona uzuri wake upya.

Sasa tazama maabara. Kwenye Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, mtu anaandika `Get-VM | Checkpoint-VM`, mstari mmoja, na mashine zote zinapigwa picha. Zinapigwa moja baada ya nyingine. Kati ya ya kwanza na ya tano kuna sekunde kadhaa, pengine dakika ikiwa RAM nayo inaandikwa kwenye diski, na ndani ya sekunde hizo mashine zinaendelea kuongea. Seva ya domeni ya kwanza imenaswa. Inaendelea na kazi na kuipa ya pili badiliko. Kisha ya pili inanaswa. Hapo tayari una ujumbe uliopokelewa na ambao, kwa mujibu wa picha, haukutumwa na yeyote. Hakuna alama zinazopita kati ya mashine hizi, kwa sababu Windows na Linux hazikuandikwa zishiriki katika utaratibu wa Chandy na Lamport.

Mwandishi wa skripti mwenye busara basi anachagua jibu la unyenyekevu. Anazizima zote. Mashine tano zilizozimwa kwa taratibu hazina ujumbe njiani, waya zote ni tupu, na sekunde zinazopita kati ya picha moja na nyingine hazibadilishi kitu. Wapo wanaoona hii ni njia ya kizamani, wanaotaka picha pamoja na RAM ili kila dirisha lirudi wazi lilipokuwa. Kwa anayechunguza virusi vya kompyuta wana haki, kwa kuwa anachokitafuta kinaishi ndani ya RAM. Kwa maabara ya seva zinazotegemeana, nasimama upande wa kuzima. Picha inakuwa ndogo, inarudi bila kigugumizi, na kila seva inapoamka inaanza kwa kuulizia saa na hali ya wenzake, badala ya kuendelea na mazungumzo ambayo yalikwisha.

Kuzima nako kuna mpangilio, na hapa ndipo skripti inapoanza kuonyesha kama mwandishi wake anaijua maabara. Kompyuta ya mtumiaji inatangulia, maana hakuna anayeitegemea. Inafuata hifadhidata, iliyo na kazi ya kumalizia kuandika. Kisha seva za domeni, na ruta mwisho. Kuwasha ni kinyume chake. Katika VirtualBox, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, amri ya `VBoxManage controlvm` yenye neno `acpipowerbutton` haizimi mashine. Inaiomba izime, kama mtu aliyegusa kitufe cha umeme. Mashine inaweza kuchukua dakika nzima ikimaliza masasisho, au isitii kabisa. Skripti dhaifu huomba, husubiri sekunde 60, na kuendelea kwa imani. Skripti nzuri huomba, kisha huuliza `VBoxManage list runningvms` tena na tena mpaka jina la mashine litoweke kwenye orodha; likikataa kutoweka katika muda uliowekwa, kazi yote husimama na hakuna picha inayopigwa. Wakati wa kuwasha ni vivyo hivyo. Haisubiri sekunde, inasubiri jibu: seva ya domeni ya kwanza ijibu swali la DNS ndipo ya pili iwashwe.

Kabla ya yote hayo inapima. Je, diski ya mwenyeji ina nafasi? Je, seva za domeni zinapashana habari bila makosa? Amri ya `repadmin /replsummary` inatoa jibu hilo kwa mistari michache, na safu ya makosa ikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, hakuna sababu ya kuhifadhi hali hiyo kwa jina la msingi. Picha moja ikishindikana baada ya nyingine nne kufanikiwa, zile nne zinafutwa. Mashine zote tano zinabeba jina lilelile, lenye tarehe inayoanza na mwaka ili zijipange zenyewe, na maneno yanayosema kwa nini picha ilipigwa: `2025-03-14-kabla-ya-masasisho`. Jina kama `jaribio2` au `mpya-ya-mwisho` ni mzigo anaotwishwa mtu wa kesho, hata kama mtu huyo ni wewe. Na amri ya kurudisha inakataa kuanza mpaka ihakikishe kwamba jina hilo lipo kwenye mashine zote tano, kwa sababu kurudisha nusu ya maabara ni kubaya kuliko kutorudisha kabisa.

Ukisoma skripti ya namna hii kwa utulivu unagundua kwamba imekufundisha maabara. Juu kabisa kuna orodha ya majina matano kwa mpangilio, na pembeni ya kila jina maelezo mafupi: hii izimwe kabla ya ile, kwa sababu fulani. Nimeona michoro mizuri ya mitandao ikiwa imebandikwa ukutani maofisini, yenye rangi na mishale, inayoonyesha seva zilizoondolewa zamani. Mchoro ukipitwa na wakati hausemi. Skripti inayoendeshwa kila wiki ikitaja mashine isiyokuwepo inagoma siku hiyohiyo. Kama mgeni akija kazini na kuniuliza aanzie wapi kuielewa maabara, ningempa skripti kabla ya mchoro.

Na faida yake kubwa inaonekana darasani. Kazi ngumu kuliko zote katika mifumo ni kurekebisha kilichovunjika, na ndiyo kazi ambayo mwanafunzi hupewa nafasi ndogo kuliko zote kuifanya, kwa sababu hakuna anayemruhusu avunje. Maabara inayorudi kwa amri moja inabadilisha hilo. Mwalimu anaweza kusema: futa seva ya domeni ya kwanza, leo mtaiokoa domeni kwa kutumia ya pili. Anaweza kuziharibu saa, kujaza diski ya hifadhidata, kukata ruta katikati ya sasisho, kisha akanyamaza na kuwaacha watafute. Wakishindwa, maabara inarudi wakaanza tena kesho, na kosa lao halijamgharimu mtu mshahara wala mteja. Nimewaona vijana waliokuwa wakigusa kibodi kwa woga wakianza kuuliza maswali ya aina nyingine: nikiling'oa hili, nini kitaanguka kwanza? Swali hilo ndilo linalomtofautisha fundi wa mifumo na mtu anayefuata maelekezo, na haliwezi kuulizwa kwa dhati mahali ambapo jibu lake ni maafa.

Dunia iliyo nje ya maabara hairudi nyuma, na skripti haina budi kukubali hivyo. Mwaka 2010 Thomas Ristenpart na Scott Yilek walionyesha kwamba mashine iliyorudishwa pamoja na RAM yake mara mbili inaweza kutumia tena namba za nasibu zilezile, namba ambazo usalama wa mawasiliano kwenye intaneti unategemea zisijirudie kamwe. Vyeti vya usalama vinaisha muda wake vikiwa ndani ya picha. Hata picha kamilifu ya maabara nzima inazeeka: Active Directory kwa kawaida hutunza kumbukumbu ya vitu vilivyofutwa kwa siku 180, na seva mbili zilizoamshwa baada ya muda mrefu kuliko huo, saa zao zikisogezwa hadi leo, zinaonana kama wageni na kukataa kupashana habari. Kwa sababu hiyo mtunza maabara huiamsha picha yake ya msingi mara kwa mara, huziacha mashine zipatane upya, huweka masasisho, na kuipiga picha tena. Wala picha si nakala ya akiba. Tabaka zote zinasimama juu ya faili moja la chini. Diski inayolibeba ikifa, zinakufa pamoja nalo. Nakala ya akiba inakaa kwenye diski nyingine, na ikiwezekana chini ya paa jingine.

Kinachobaki ni kufuta, na watu wengi hukiogopa kwa sababu wanadhani wanatupa kazi yao. Kufuta picha hakuirudishi mashine nyuma. Kunayashusha yaliyoandikwa kwenye tabaka la juu yaungane na la chini, hali ya leo inabaki vilevile, na kinachopotea ni uwezo wa kurudi pale tu. Kazi hiyo inaandika sana kwenye diski, na pengine inahitaji nafasi ya ziada hadi iishe, kwa hiyo haifai kusubiri diski ibaki na gigabaiti mbili. Skripti ninayoitumia huifanya mashine zikiwa zimezimwa, moja baada ya nyingine, ikianza na picha ya zamani kuliko zote isipokuwa ya msingi. Inapomaliza inaorodhesha picha zilizobaki kwenye kila mashine na kuzilinganisha, na zikitofautiana hata kwa jina moja haiwashi chochote mpaka mtu aje atazame.